Mnatutia Hofu, Kisha Mnatucheka

Ukishikwa na homa Dar es Salaam utaletewa uji. Ukivunjika mguu, majirani watajaa sebuleni na machungwa yao, wakusimulie miguu ya watu wengine iliyovunjika ikaunga vibaya. Hata jipu lina heshima yake. Lakini jaribu kusema unauhofia moyo wako, na vipimo vimesema ni mzima, uone kama kuna mtu atakuletea hata ndizi. Watakuletea kicheko. Na wanaocheka ni walewale waliokutia hiyo hofu, wakaifikisha mpaka mlangoni, bure, bila kuagizwa.

Mimi na kicheko hatuna ugomvi. Ugomvi wangu ni na wasambazaji wa hofu wanaoshangaa kusikia imepata mteja.

Tuanze na salamu, maana ndipo biashara inapofunguliwa. Mtu hamjaonana tangu Idi, badala ya kuuliza habari za nyumbani anarudi nyuma hatua moja, anakukagua kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili, anasema: "Mbona umepungua hivyo? Unaumwa?" Ukimjibu ni kazi na maisha, anatikisa kichwa kwa huruma ya mtu aliyekwisha kubeba majeneza mengi. "Angalia sana, ndugu yangu. Siku hizi moyo haupigi hodi." Unapanda daladala Buguruni ukiwa mgonjwa wa kukonda. Unashuka Tabata, unakutana na shemeji: "Heee, shemeji, kitambi hicho! Mafuta yakishauzunguka moyo, basi tena." Mwili ni uleule, shati ni lilelile, na nauli haikuzidi. Katikati hapo nimekonda, nimenenepa, na nimepewa hukumu mbili za kifo.

Kisha kuna msiba. Siku hizi nikienda msibani natafuta kiti kilicho mbali na wazungumzaji, ila chini ya turubai hakuna mbali. Hujakaa vizuri kwenye kiti cha plastiki utasikia: "Alikuwa na nini marehemu?" Jibu ni moja, kuanzia Mbagala mpaka Bunju: presha. Mtu kaumwa figo miaka na miaka, presha. Mtu kaanguka kutoka juu ya mnazi, presha ndiyo iliyomwangusha. Kufa kwa ugonjwa mwingine kumeanza kuonekana ushamba.

Halafu huja ile simulizi. "Jana tu tulikuwa naye. Katoka kazini, kaoga, kala ugali wake vizuri, kaangalia taarifa ya habari, kasema mimi leo nimechoka, kaingia kulala. Ndiyo ikawa mwisho." Wenzangu wanasikitika. Mimi najikagua. Nami hutoka kazini. Huoga. Hula ugali. Huangalia taarifa ya habari. Huchoka. Dalili zote ninazo, tena ninazo kila jioni tangu niajiriwe.

Hapo sasa ndipo wanapojitokeza mabingwa wa moyo wa kwenye turubai. Kuna presha ya kupanda, anaeleza mzee mmoja mwenye kofia ya darizi, na kuna ya kushuka, na ya kushuka ndiyo mbaya kwa sababu inakuja kimya. Wa pembeni anasema dawa ni kitunguu saumu, punje mbili asubuhi kabla hujasemeshana na mtu. Wa nyuma anaruka: kitunguu saumu ni kwa ya kupanda, mwenye ya kushuka akila anaondoka siku hiyohiyo, huyo apewe soda na chumvi kidogo. Choya, mlonge, maji ya moto na ndimu, vyote vilikwisha kutajwa kabla jeneza halijafika. Hakuna aliyemuuliza mwenzake kama amewahi kupima. Nilirudi nyumbani na punje ya kitunguu saumu mdomoni, na kwa kuwa sikujua presha yangu ni ya kupanda au ya kushuka, kumeza nilishindwa na kutema nilishindwa.

Ukweli wenyewe, ambao chini ya turubai hausemwi kwa sababu haunogi, ni kwamba presha ya kupanda kwa watu wengi haina dalili yoyote. Haiumi, haiwashi, haikunyimi usingizi. Mtu anaweza kuishi na 170 kwa 100 miaka kadhaa, akaoa, akajenga na kucheza ngoma, huku mishipa, figo na moyo vinaharibika polepole. Ndiyo maana hupimwa kwa mashine, si kwa kuulizana unajisikiaje. Anayejisikia vibaya pengine ni mzima, na anayejisikia vizuri pengine ndiye wa kupelekwa hospitali. Sasa mchukue mtu mwenye wasiwasi wake, mwambie maneno hayo, halafu mtakie usiku mwema.

Redioni nako hakuna pa kupumulia. Saa ileile unaposubiri matokeo ya mpira, inaingia sauti nzito: "Je, ndugu msikilizaji, unachoka bila sababu? Unasahausahau? Moyo unakwenda mbio? Vidole vinapata ganzi? Unaamka usiku kwenda haja ndogo?" Nionyesheni mkazi mmoja wa jiji hili aliyesimama kwenye daladala kutoka Mbagala mpaka Posta saa kumi na mbili asubuhi, kwapa la mtu likiwa puani kwake, asiye na hayo yote kabla ya chai. Dawa yake ipo, imo kwenye chupa ya rangi ya kahawia. Inazibua mishipa ya moyo, inatoa ngiri, inaongeza heshima ya ndoa, na inavuta wateja dukani. Namba ya simu wanaisoma mara tatu, polepole, ili sisi tunaosahausahau tuipate.

Lakini bingwa wa usambazaji, wala sisiti kumtaja, ni kundi la ukoo la WhatsApp. Shangazi yangu huamka alfajiri, na kabla hajafungua dirisha amekwisha kutuma sauti ya mtu asiyejulikana, mwenye pumzi za kukatikakatika, anayejitambulisha kuwa ni daktari wa ng'ambo. "Usipuuze. Mtumie kila unayempenda." Shangazi ananipenda kupita kiasi. Kwa upendo huo nimejulishwa kuwa maji baridi baada ya chakula yanagandisha moyo, kuwa kuoga kwa kuanzia kichwani kunapasua mishipa, na kuwa mtu akipatwa na shambulio la moyo akiwa peke yake anatakiwa kukohoa kwa nguvu, mfululizo, mpaka msaada ufike.

Hili la kukohoa limezunguka dunia nzima kwa miaka mingi, na madaktari wa moyo wamechoka kulikanusha. Kinachojulikana ni kwamba kukohoa kunaweza kumshikilia mgonjwa kwa muda mfupi sana akiwa tayari hospitalini, mashine zimemzunguka na daktari amesimama pembeni akimwamuru. Aliye nyumbani kwake anachotakiwa ni kuita watu na kukimbizwa hospitali, si kukaa kitandani anakohoa majirani wakidhani ni kifua. Sasa jaribu kumwambia Shangazi hayo, mbele ya ukoo mzima. Utaambiwa umesoma sana. Nilimjibu, "Amina."

Mtu aliyelishwa hofu kiasi hicho hufanyaje? Huenda kupima. Na kupima kupo kila kona. Kariakoo, chini ya mwavuli, kulikuwa na meza ndogo yenye mizani ya kukanyaga, kimashine cha sukari, na mashine ya presha ambayo kitambaa chake kimechakaa mpaka gundi yake inahitaji kubembelezwa. Kijana mwenye koti jeupe akanikalisha juu ya kreti ya soda. "Karibu, mzee wangu." Akafunga kitambaa juu ya mkono wa shati la kitenge, akabonyeza. Mkono wangu ukaning'inia hewani kwa kuwa meza ilijaa vipeperushi. Nyuma yangu mwenye mkokoteni anafoka nimpishe. Mbele yangu spika ya mchuuzi wa soksi inarudia bei. Kitambaa kinazidi kubana, na kijana, kwa ukarimu wake, ananiuliza nakaa wapi na nina watoto wangapi.

Ikatoka 158 kwa 97. Kijana akapiga mluzi.

Nataka kusema jambo kuhusu ule mluzi. Daktari hata akiona kitu kibaya hujikaza. Fundi gari ndiye hupiga mluzi, na hupiga ili ujue bei imebadilika. Mama muuza maji akanitazama kwa huruma akasema, "Pole, baba, kaa kivulini." Mwenye mkokoteni, aliyekuwa akinifokea dakika ile, akanipisha yeye. Nimekaa mji huu utu uzima wangu wote, na sijawahi kupishwa na mkokoteni Kariakoo. Nikajua mambo yangu yamekwisha.

Kumbe kupima presha kuna adabu yake. Unatakiwa ukae umetulia dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili ziko chini na miguu haikupishana. Mkono uwe mtupu, umelazwa juu ya meza usawa wa moyo. Usiwe umekunywa kahawa wala kuvuta sigara nusu saa iliyopita, usiwe umebana mkojo, na wewe na mpimaji mfunge midomo. Kisha kipimo kirudiwe, leo na siku nyingine, kwa sababu namba moja ya siku moja kwa kawaida haitoshi kumpa mtu jina la ugonjwa. Nikolai Korotkov, yule daktari Mrusi aliyeeleza mwaka 1905 namna ya kuisikiliza presha mkononi, hakuwa na mchuuzi wa soksi pembeni. Na hata ukifuata adabu zote bado kuna watu ambao presha yao hupanda kwa kuliona koti jeupe tu, wakirudi nyumbani inashuka yenyewe. Ya kwangu imo katika kundi hilo. Ina haya mbele ya wageni.

Lakini Kariakoo ni mchana, na mchana si kitu. Mji wenyewe una kelele, moyo hausikiki. Taabu ni usiku. Ukilalia ubavu wa kushoto, moyo unasogea karibu na mbavu, unausikia mpaka kwenye mto. Unaanza kuhesabu. Kawaida ya mtu mzima aliyepumzika ni mapigo kati ya 60 na 100 kwa dakika, hilo nalijua. Unapata 78. Unahesabu tena kuhakikisha, unapata 86. Unajiuliza kwa nini imeongezeka, na swali hilo peke yake linaileta 94. Hofu inamwaga adrenalini kwenye damu, adrenalini inauharakisha moyo, wewe unasikia moyo umeharakishwa, unaogopa zaidi. Hakuna kiungo kingine chenye tabia hii. Ini ukilifikiria haliendi mbio. Bandama unaweza kuifikiria usiku kucha isijue. Moyo peke yake ndio unaojua kuwa unatajwa.

Mara unaruka. Wenye kuupata mruko huo wananielewa: pigo moja linatangulia kabla ya zamu yake, kinafuata kimya kifupi, halafu linakuja pigo zito la kufidia, tumbo linabaki nyuma mithili ya abiria wa kiti cha mwisho daladala inaporuka tuta. Daktari alikuja kunieleza kuwa ni mapigo yenye kiherehere, karibu kila binadamu huyapata, wengi bila kujua, na huongezwa na kahawa, chai kali, uchovu na kukosa usingizi. Ninakosa usingizi kwa sababu ya mapigo, ninapata mapigo kwa sababu ya kukosa usingizi. Sikuomba kuumbwa hivi.

"Mama watoto," nikaita gizani.

"Mmh."

"Moyo unaruka."

"Uache uruke, mradi urudi."

"Na vidole vimeanza ganzi." Hilo la ganzi redio ilikwisha kulitaja, kwa hiyo nilikuwa nalisubiri.

"Baba watoto, ile dabi mliyofungwa, moyo huohuo ulikaa dakika tisini na nyongeza, haukuugua. Leo umelala umejifunika shuka ndiyo unaugua? Vuta pumzi taratibu ulale. Mimi kesho nina zamu."

Kinachoudhi ni kwamba hata kwenye vidole alikuwa sahihi, ingawa hakusomea. Mtu akiogopa hupumua harakaharaka, anaitoa hewa ya kaboni kupita kiasi, na damu ikipungukiwa na hewa hiyo vidole na midomo huchonyota na kuingia ganzi, kichwa kinakuwa chepesi. Ukipumua polepole hali inarudi. Nilipumua polepole. Ikarudi. Sikumwambia.

Basi nikaenda hospitali. Zamani mtu akisikia fulani "ana moyo" alijua safari ni India, na ukoo unaanza kupitisha daftari la michango. Tangu 2015 tuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, na upasuaji wa moyo unafanyika hapahapa Dar. Ni jambo la kujivunia na silitanii. Ila kwa watu wa aina yangu limeondoa kisingizio kizuri, kwamba wenye kuujua moyo wako mbali. Mimi nilikwenda hospitali ya jirani na nyumbani, kupima umeme wa moyo.

Unavua shati, unalala chali, unabandikwa vidude kifuani na kubanwa vibanio mikononi na miguuni, vya baridi kweli. "Tulia, baba, usitetemeke," akasema muuguzi, "ukitetemeka karatasi inaandika matetemeko." Dakika chache, imekwisha, kikatoka kipande cha karatasi chenye vimiraba na vilima vidogovidogo. Nimesoma habari za aliyeileta mashine hiyo, Willem Einthoven, Mholanzi mzaliwa wa Java. Mashine yake ya mwanzo, miaka ya mwanzo ya karne iliyopita, ilikuwa na uzito wa kama kilo 270 na ilihitaji watu watano kuiendesha. Mgonjwa aliketi mikono yote miwili na mguu mmoja vikiwa vimezamishwa kwenye vyombo vya maji ya chumvi. Mwaka 1924 akapewa Tuzo ya Nobel. Kusema kweli namwonea gere mgonjwa wa zama hizo. Watu watano wanakuhangaikia, umetumbukizwa kwenye maji ya chumvi, nani atathubutu kusema una wasiwasi? Hata mama watoto angeleta uji.

Daktari mwenyewe ni rika la mwanangu wa kwanza. Akaitazama karatasi muda mfupi kuliko mtu anavyotazama risiti ya luku.

"Mzee wangu, moyo wako mzima."

"Mzima kabisa, daktari?"

"Kabisa."

"Hapa je, pana kilima hiki kifupi?"

"Hicho kinatakiwa kiwe kifupi."

Presha akapima mwenyewe, kwa adabu zote, tukiwa kimya, mara mbili. Ikatoka 128 kwa 82. Akaniambia nipunguze kahawa na chumvi, nitembee jioni, na simu ilale chumba kingine. Nikangoja. Hakuandika kitu. Nikauliza kama hakuna hata kidonge kidogo. Hakuna. Kwa hiyo nimelipa, nimevuliwa shati, nimebanwa vibanio, narudi nyumbani mikono mitupu! Kwetu sisi ugonjwa unathibitishwa na mfuko wa dawa. Ukiingia na mfuko, hata kama ni panadol, watoto wanapunguza sauti ya televisheni. Ukiingia bila mfuko unaambiwa gesi imekwisha.

Habari zikaenea kabla sijavua viatu. Yule wa "moyo haupigi hodi" akacheka mpaka akashika ukuta: "Aaah, kumbe ulikuwa wasiwasi wako!" Wasiwasi wangu! Nilizaliwa nao? Shemeji akanipa jina jipya ambalo silirudii hapa. Shangazi akaandika kwenye kundi, "Mungu ni mwema, tuache kuwaza sana," na chini yake, dakika hiyohiyo, akatuma sauti mpya kuhusu hatari za mto mrefu.

Wanaocheka niwakumbushe wawili. Wa kwanza ni Molière, mtunzi wa tamthilia wa Ufaransa. Mwaka 1673 aliandika mchezo wa kumkejeli mtu mzima anayejidhania mgonjwa, na mhusika huyo akamwigiza mwenyewe. Kwenye onyesho la nne akashikwa na kikohozi palepale jukwaani, akajikaza akamaliza, akapelekwa nyumbani, akafa usiku huohuo na miaka yake 51. Alikuwa mgonjwa kweli. Sisemi zaidi.

Wa pili ni Jacob Da Costa, daktari wa Philadelphia, aliyewachunguza askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Walikuja na moyo wa kwenda mbio, kifua cha kuuma, pumzi fupi. Akawasikiliza, wengi hakukuta moyo uliooza. Mwaka 1871 akayaandika yote hayo kwa uzito, akauita moyo wa namna hiyo moyo mwepesi wa kuudhika. Hakuwacheka. Wale walikuwa wametoka kwenye mizinga, nakubali. Mimi nimetoka kwenye kundi la ukoo, lakini adrenalini haiulizi umetokea wapi. Na madaktari wa leo wanaitambua hofu ya ugonjwa kuwa ni ugonjwa, una tiba, na sehemu kubwa ya tiba hiyo ni kuzungumza na mtaalamu anayejua namna ya kukuachisha kuhesabu.

Halafu kuna yale ambayo, katika mahubiri yote ya turubai, sikuwahi kuyasikia hata mara moja. Nimeyapata kwa yule daktari kijana, nikiwa nimeshika kitasa cha mlango. Shambulio la moyo la kweli mara nyingi ni mbano au uzito katikati ya kifua unaokaa zaidi ya dakika chache, unaoweza kwenda begani, mkononi, mgongoni au kwenye taya, na jasho la baridi, kichefuchefu, pumzi kuwa nzito. Kwa wanawake na wenye kisukari linaweza lisiwe na maumivu makubwa, likawa uchovu wa ajabu na pumzi kukata. Maumivu ya kifua yanayokuja ukipanda ngazi na kutulia ukipumzika, hayo nayo si ya kunyamazia. Ukiona hivyo huhesabu, hukohoi, hutafuni kitunguu, unakimbizwa hospitali. Na presha ikipimwa kwa utulivu, siku tofauti, ikarudi palepale 140 kwa 90 au zaidi, hiyo ni ya kutibiwa, na vidonge vyake haviachwi kwa sababu mtu kajisikia vizuri. Kajisikia vizuri kwa sababu anavimeza.

Hapo ndipo hasira yangu inapofika mwisho, kwa sababu aliyenicheka kwa sauti kubwa kuliko wote ni mjomba. Mjomba ana presha ya kweli, ya hospitali, yenye kadi. Vidonge aliviacha tangu mwaka jana. Anasema dawa ni za watu wanaoumwa na yeye hasikii kitu. Mishkaki yake huinyunyizia chumvi kabla hajaionja, wakati kiasi kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku nzima, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na ndani ya hicho imo ya mkate, ya mboga na ya chipsi. Hakuna anayemsalimia mjomba kwa kumwambia amepungua. Ana shavu, ana sauti, anavunja mbavu za watu. Msibani yeye ndiye anayegawa kitunguu saumu.

Kwa hiyo hofu mnayo ya kutosha, ila mnaipeleka nyumba isiyohusika. Kila ukoo una mjomba wa namna hii, na wako unamjua. Mpeleke akapime wiki hii, umkalishe dakika 5 bila kumsemesha, na akikwambia anajisikia vizuri, mpeleke hivyohivyo.